Harrier, X-Trail, Forester, au tubaki na IST yetu?

*Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi hapa Iringa mjini, mume wangu ni mwalimu, watoto watatu. Tuna IST tangu 2017 na haijatusumbua. Shida ni mbili: shamba letu liko Kilolo na masika hatufiki bila kusukumwa, halafu kila mwezi tunashuka Dar kumpeleka mama mkwe kliniki, na watu sita hatuenei. Tuna akiba ya milioni 20 na benki iko tayari kutukopesha 12. Shemeji anasema Harrier Tako la Nyani, fundi wetu anasema X-Trail, mume wangu anataka Forester. Mimi naogopa tusije tukanunua ugonjwa. Faida ni zipi na hasara ni zipi?*

Marahaba, dada yangu. Mpe pole mama mkwe.

Hofu yako ndiyo yenye maana kuliko mapendekezo yote matatu uliyopewa. Gari likishafika mkononi mwako lina miaka zaidi ya kumi, jina lililobandikwa nyuma halikuambii mengi. Mwenyewe nimeona Harrier inapanda mlima wa Kitonga na watu watano na magunia bila kukohoa, na nimeona nyingine ya mwaka uleule inavutwa kwa kamba kutoka Mahenge. Tofauti yao ilikuwa nani alimwaga oili lini, na alijaza nini kwenye rejeta. Kwa hiyo nitakujibu kuhusu aina za magari, lakini sehemu kubwa nitaitumia kwenye namna ya kulitambua lililotunzwa.

Kabla ya hapo, niseme ukweli mmoja ambao wauzaji hawatakuambia. Harrier Tako la Nyani, X-Trail T31 na Forester SH (T31 na SH ni majina ya toleo la gari) zote ni magari ya watu watano. Mpo watano nyumbani, na mama mkwe ni wa sita. Mtakaa kwa nafasi zaidi kuliko kwenye IST, mtoto mdogo atapakatwa, lakini kisheria bado mmezidi. Kama safari ya watu sita ni ya kila mwezi kweli, tazameni pia Toyota Vanguard ya viti saba. Kiti cha nyuma kabisa ni cha mtoto, si cha mtu mzima, ila kipo na kina mkanda wake.

Sasa faida. Gari la juu linakupa nafasi chini ya tumbo, na barabara za Kilolo zikishalowa, sentimita hizo chache ndizo zinazoamua kama mtalala njiani. Forester SH iko juu ya sentimita 20. Mnaona mbali zaidi mkiwa nyuma ya malori ya kwenda Tunduma. Gari pana halitikiswi na upepo wa basi linapokupita. Mgongo wa mama utakushukuru. Tena Harrier ikitaka kuuzwa haikai yadi, hiyo nayo ni faida. (Ile faida ambayo shemeji hajaitaja, kwamba mtu akishuka kwenye Harrier anaamkiwa tofauti, siihesabu, lakini najua ipo.)

Hasara ya kwanza mtaiona kituo cha mafuta. Iringa na Dar ni kama kilomita 1,000 kwenda na kurudi. Weka mizunguko ya mjini na shamba, tuseme kilomita 1,500 kwa mwezi, na petroli tuichukulie shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. IST yenu, kwa kilomita 14 kwa lita, inakunywa kama laki 3 na 20 elfu kwa mwezi. Harrier ya injini ya 2.4, nikiihesabia kilomita 9 kwa lita kwa mchanganyiko wa mjini na safari, inakula laki 5. Kwa mwaka hiyo ni tofauti ya zaidi ya milioni 2. Forester au X-Trail ya lita 2.0, kwa kilomita 10 na nusu hivi, inawaongezea kama milioni 1 na laki 3 kwa mwaka. Hizo ni hela zinazotoka hata kama gari ni zima kabisa. Juu yake weka tairi, maana rimu ya inchi 17 au 18 si ya IST. Weka pedi za breki, bushi, shokapu. Kila kitu ni kikubwa zaidi, na kila kikubwa kina bei yake.

Swali la pili ni kuagiza Japani au kununua mkononi hapa nchini. Watu wengi wanaamini ya kuagiza ndiyo salama. Kwa bajeti yenu, na kwa aina hizi, mimi sikubali. Harrier hiyo, T31 ya petroli na Vanguard uzalishaji wake wa Japani uliisha 2013. Forester SH iliisha 2012. Maana yake zote zimevuka miaka kumi, na gari la zaidi ya miaka kumi linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya ushuru mwingine. Tuchukue gari lenye thamani ya milioni 10 likiwa limefika bandarini, injini zaidi ya cc 2,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 ni 1.25. Uchakavu ni 3.75. VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni 3.15. Umeshafika milioni 10.65 za kodi, zaidi ya thamani ya gari lenyewe, na bado tozo za forodha na reli, gharama za bandari, wakala na usajili. Gari la thamani hiyohiyo, la zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na lenye umri chini ya miaka minane, lingelipa kama milioni 5.5 tu. Ndiyo maana gari jipya kidogo wakati mwingine halipishani sana kwa bei na kuukuu. Tena TRA haiangalii risiti yako. Ina thamani yake kwenye kikokotoo chake cha mtandaoni. Ingieni humo wenyewe kabla ya kumsikiliza wakala, na mkumbuke viwango hubadilika na bajeti kila Julai. Jirani zetu Kenya wamelimaliza suala hili kwa kukataza kabisa gari lililovuka miaka minane.

Kwa hiyo tafuteni la mkononi. Namba D (gari ambalo herufi za namba yake ya usajili zinaanzia D) iliyotunzwa na mtu mmoja ina faida moja ambayo gari la kutoka melini halina: limeshatembea kwenye barabara zetu na mafuta yetu, na mtu aliyelitembeza yupo, anaweza kuulizwa.

Tuje kwenye magari yenyewe.

X-Trail T31 ni gari zuri la kukaa, buti pana, injini ya lita 2.0 isiyo na makuu. Tatizo ni giaboksi ya CVT. Haina gia kama mnazozijua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na kazi yote hiyo inafanyika ndani ya oili yake maalumu. Oili hiyo ikichoka, joto linapanda, na joto likipanda kompyuta inapunguza nguvu ili kuokoa giaboksi. Sasa fikiria hilo linatokea Kitonga, nyuma ya lori la tani 30, mama mkwe yuko kiti cha nyuma. Unakanyaga mafuta, gari linanguruma, haliendi. Watu wanaliuza siku inayofuata, na ndipo linapokufikia wewe.

CVT si ugonjwa kwa asili yake. Ikibadilishiwa oili, ikawekwa iliyo sahihi, kila kilomita 40,000 hadi 50,000, inaishi. Lakini hapa kwetu kuna mafundi wanaoona giaboksi yoyote, wanachukua haidroliki nyekundu (oili ya giaboksi za kawaida) iliyo karibu. Niliwahi kuletewa gari la CVT lililojazwa hivyo gereji moja kwa nia njema kabisa. Lilitembea wiki mbili, likaanza kulia kama nyuki ndani ya mtungi, na giaboksi haikupona. Kwa hiyo fundi wenu anaposema X-Trail, muulizeni swali moja tu: oili gani inaingia kwenye giaboksi yake? Akijibu NS-2, yaani oili ya CVT ya Nissan, bila kusita, msikilizeni. Akisema "haidroliki yoyote nzuri", mshukuruni mwendelee na safari.

Harrier Tako la Nyani, ya mwaka 2003 kuendelea, ya 2.4, ina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Ni ya kizamani, inakula mafuta, na ndiyo uzuri wake: ngumu, na kila fundi kuanzia Mafinga hadi Mbezi ameshaifungua. Spea zipo, mpya na za mtumba. Injini yake, 2AZ, ina mambo mawili ya kuangalia. Kuna zinazokunywa oili, hasa za kuanzia 2006 hivi: ringi za pistoni zinashindwa kazi, na mwenye gari asiyechungulia kijiti cha oili anakuja kushtuka injini imegonga. Jambo la pili, bolti za silinda hedi huweza kung'oa uzi kwenye bloku, maji yakaanza kuvujia nyuma ya injini, upande usioonekana ukifungua boneti. Tumia tochi, chungulia nyuma kabisa, tafuta alama za maji yaliyokauka. Ya 3.0 ya silinda sita msiiguse. Ni tamu sana kuendesha, na mshahara wa walimu na wauguzi haukutengenezwa kwa ajili yake.

Vanguard niliyoitaja ina injini hiyohiyo ya 2AZ kwenye zile za 2.4, lakini giaboksi yake ni CVT. Wengi hawajui, wanadhani ni Harrier iliyorefushwa. Masharti ya oili niliyosema kwa X-Trail yanaihusu nayo, kwa oili ya Toyota yenyewe.

Forester ya mume wako. Hapa naungana naye, kwa masharti. Gia nne za kawaida kama Harrier, lita 2.0, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote bila kubonyeza chochote. Kwenye utelezi wa udongo mwekundu, katika haya matatu, hakuna linaloikaribia. Ila injini yake imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, na haisamehi joto. Ikichemka mara moja, gasketi za hedi zinaanza kusema, na kuzibadilisha ni kazi ya siku nzima ya fundi anayeijua Subaru, si fundi yeyote. Za mwanzo, zenye injini ya EJ, zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na habari ya injini inaishia hapo. Kuanzia mwishoni mwa 2010 Subaru waliingiza injini ya FB yenye cheni. Mkipata hiyo, hofu ya mkanda imeondoka. Mkipata EJ, fungueni boneti mtafute stika ya Kijapani: mafundi wa kule hubandika tarehe na kilomita za siku walipobadilisha mkanda. Mwaka umeandikwa kwa hesabu yao. 24 ya enzi ya Heisei ni 2012, yaani unajumlisha 1988. Stika ikisema 22 na gari limetembea miaka yote hiyo bila mkanda kuguswa, toeni bei ya mkanda, puli zake na pampu ya maji kwenye bei ya gari kabla hamjasema neno jingine.

Kuna mtego mmoja nataka uusome mara mbili, kwa sababu ndio unaohusu Kilolo. Gari kuwa juu haimaanishi ni fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne. Zipo Harrier, X-Trail na Vanguard zinazovuta magurudumu ya mbele tu, kama IST yako. Utalipa milioni za ziada, utaongeza mafuta kila mwezi, na masika watakusukuma vilevile, tena sasa ni zito zaidi. Usisome maandishi ya nyuma, stika inanunuliwa dukani. Inama, tazama chini kati ya magurudumu ya nyuma. Ukiona difu (kasha la gia katikati ya magurudumu ya nyuma), na propela, ule mhimili mrefu unaotoka mbele kuja kwake, ni fowili. Ukiona uwazi na tanki la mafuta, si fowili. Halafu hakikisheni propela haijatolewa. Kuna watu huitoa ikianza kupiga kelele ili wasigharamie matengenezo.

Siku ya kwenda kuliona gari, mwambieni mwenye nalo asiliwashe. Mkifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, aghairini, rudini kesho asubuhi. Gari lililopashwa joto limefichiwa kitu. Likiwa baridi, fungua rejeta. Nataka kuona maji yenye rangi, kijani au pinki. Maji ya kutu yanaeleza kwamba mtu alikuwa anajaza ya bombani, na yenye utando kama chai ya maziwa yanaeleza kwamba mfunge boneti muage kwa heshima. Mwashe swichi bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izimike injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, imenyofolewa, na aliyeinyofoa alikuwa na sababu. Mtu mwingine asimame nyuma aangalie moshi wa kwanza. Wa bluu ni oili.

Kilomita kwenye dashibodi msizisujudie. Gari la 2008 lenye kilomita 78,000 linaweza kuwa la kweli, lakini tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haikulika kwa kilomita 78,000. Mwenye gari akiwa na ile karatasi ya mnada wa Japani, iangalieni. Herufi R au RA mahali pa gredi ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Cheti cha kusafirishia nje nacho kwa kawaida huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa kule.

Baada ya hapo, endesheni. Si kuzunguka uwanja wa Samora. Shukeni Ipogolo, kisha pandeni kurudi mjini mkiwa mmejaa watu, na kiyoyozi kimewashwa. Mlima ule ni Kitonga ndogo mliyopewa bure. Sindano ya joto ikipanda hapo, Kitonga yenyewe mmeshaiona. Angalieni na kinyume chake: mkienda mwendo wa kasi barabara kuu asubuhi ya baridi ya Iringa, sindano ikabaki chini haitaki kupanda, huenda themostati imetolewa. Hii ni tabia ya mafundi wetu gari likichemka. Badala ya kutafuta sababu wanatoa kinachodhibiti joto, na anayeuziwa anafikiri gari ni la baridi.

Kwenye makaratasi nitapita haraka. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea pesa, namba ya chesesi muisome kwenye chuma chenyewe, faini za trafiki na madeni ya maegesho yaangaliwe kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla hela ya mwisho haijatoka mkononi. Dalali akisema "tutahamisha baadaye", baadaye yake ni wewe kulipa faini za mtu.

Pesa zenu sasa. Mna 32 kwa kutaja, lakini msinunue gari la 32. Mimi ningekopa 8 badala ya 12, nikawa na 28. Gari lisizidi 23 hadi 24. Milioni 4 hadi 5 zinazobaki si akiba, ni sehemu ya bei ambayo muuzaji hakuitaja: oili zote za injini, giaboksi na difu mwezi wa kwanza, maji ya rejeta, plagi, pedi, tairi kama zimeisha, bima, na mkanda wa taimingi kama ni EJ. Gari la umri huo litaidai hela hiyo mwaka wa kwanza mkitaka msitake, na mkiwa mmeimaliza yote kwa muuzaji mtaanza kutengeneza kwa viraka. Huko ndiko ugonjwa unakoanzia.

Umeniuliza faida na hasara, nami najua unataka uamuzi. Kwa barabara yenu na kipato chenu: Forester SH ya lita 2.0 isiyo na tabo, ya mwisho mwisho yenye cheni ikipatikana. Ikikosekana, Harrier 2.4 fowili ambayo haijapunguza oili. X-Trail, au Vanguard kama viti saba ni lazima, iwe ya mtu mnayemjua na risiti za oili ya giaboksi mkononi, vinginevyo hapana. Na kama mkikaa mkakuta kwamba shamba linawashinda wiki nne tu kwa mwaka, kodini pikapu wiki hizo nne, mkatie mama tiketi ya basi zuri, mkae na IST yenu. Nayo ni jibu, wala si la aibu.

Naona pia bei ya IST hujaiweka kwenye hesabu. Vizuri. Msiiuze mpaka gari jipya limeshuka Dar na kurudi mara mbili.

Mkilipata mnalolipenda, nitumieni picha tatu kabla ya kuzungumza bei: chini kati ya magurudumu ya nyuma, ndani ya rejeta likiwa baridi, na kijiti cha oili juu ya karatasi nyeupe.